Mwanafunzi ni nani ulingoni? Kanuni za mashindano ya karate, taekwondo na judo kwa shule zetu

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa shule moja ya sekondari katika ukanda wetu. Tulikwenda kurekodi sauti kwa ajili ya kipindi cha michezo. Yalikuwa mashindano ya siku moja ya karate kwa wanafunzi. Mlangoni palikuwa na meza, daftari la kaunta na mizani ya kukanyaga.

Kijana wa kwanza tuliyemwona akipita mezani alikuwa na cheti cha kuzaliwa kinachosema ana miaka 15. Cheti kilikuwa halali na kina muhuri, ila kilikuwa kimetolewa wiki mbili tu kabla ya siku hiyo. Alikubaliwa. Nyuma yake alisimama mvulana mwembamba wa kidato cha pili, aliyekuja kwa basi na mwalimu wake kutoka upande wa Nyarugusu. Huyu hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na sare ya shule, barua ya mkuu wa shule na nauli ya kurudi. Akakataliwa.

"Sasa sensei, huyu nikamwambie nini mama yake?" mwalimu aliuliza. Mwandaaji alijibu kwa upole kwamba kanuni ni kanuni.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukipokea swali hilohilo kwa namna mbalimbali kutoka kwa wasikilizaji wa Kahama, Katoro, Kishapu na Chato. Nani hasa anaruhusiwa kushiriki mashindano ya wanafunzi? Nani anapanga? Na mzazi anawezaje kujua kama mwanawe atapambana na mtoto mwenzake au na mtu mzima aliyevaa sare? Makala haya ni jaribio la kujibu.

Michezo isiyo na nyumba shuleni

Tuanze na jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Michezo ya shule nchini ina njia mbili kuu. Shule za msingi zina UMITASHUMTA na sekondari zina UMISSETA. Mashindano haya huanzia shuleni, yakapanda hadi kata, wilaya, mkoa na mwisho taifa, chini ya TAMISEMI kwa kushirikiana na wizara zinazohusika na elimu na michezo. Katika miaka ya karibuni fainali zake zimefanyika Mwanza, Mtwara, Tabora na Iringa.

Michezo iliyozoeleka huko ni soka, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono, riadha, mpira wa meza, bao, pamoja na kwaya na ngoma. Karate, taekwondo na judo hazimo katika orodha hiyo tuliyoizoea.

Maana yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mchezaji wa netiboli wa Shinyanga anayekwenda fainali za taifa anapita mikononi mwa maafisa elimu na maafisa michezo wa ngazi kadhaa, na kila ngazi ina nafasi ya kuhoji umri na shule yake. Mcheza karate hana ngazi hizo. Mashindano yake huandaliwa na klabu, dojo, walimu wachache wenye moyo, au mdhamini mwenye nia njema. Kanuni zinaandikwa na huyohuyo anayeandaa, na mara nyingi huyohuyo ndiye kocha wa baadhi ya washiriki.

Hii haina maana kwamba hakuna sheria. Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lilianzishwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, na vyama na vilabu vya michezo vinatakiwa kusajiliwa kwa Msajili. Kila halmashauri ina afisa anayeshughulikia michezo, na kuwatoa wanafunzi shuleni kwenda kushindana ni jambo linalohitaji baraka za mkuu wa shule na ofisi ya elimu. Pia kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Anayewakutanisha watoto kupigana mbele ya watazamaji amebeba dhamana ya kisheria, hata kama amebeba pia filimbi na medali.

Ilifikaje hapa

Wengi wetu tulikutana na karate kwenye kibanda umiza, kwa filamu za Kichina zilizotafsiriwa kwa sauti juu ya sauti, kisha tukatoka nje kurushiana mateke kwenye vumbi. Lakini mchezo wenyewe una historia nchini, na historia hiyo ilianzia shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari Zanaki. Huko Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alijenga mizizi ya judo kuanzia miaka ya 1990.

Judo iliingia Olimpiki mara ya kwanza Tokyo 1964, na taekwondo ilipewa medali kamili kuanzia Sydney 2000. Karate iliingia Tokyo, kwenye michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, kisha ikaondolewa Paris 2024. Tanzania nayo ina jina la kutaja: Andrew Thomas Mlugu alishindana kwenye judo Rio de Janeiro 2016 na Paris 2024, na akabeba bendera ya nchi.

Kwa hiyo kijana wa Bukombe anayejifunza judo ana njia, hata kama ni nyembamba. Njia hiyo inaanzia kwenye mashindano madogo kama yale ya Jumamosi. Yakiharibika haya, hakuna atakayefika mbali.

Swali la kwanza: mwanafunzi ni nani?

Katika michezo ya shule tuna maneno mawili ya Kiswahili ambayo kila mwalimu anayajua. Mamluki ni mchezaji asiye mwanafunzi wa shule anayoichezea. Kijeba ni mchezaji aliyezidi umri. Watu huyachanganya, lakini ni makosa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

Kumkamata mamluki ni rahisi zaidi, ikiwa kuna nia. Mwanafunzi wa kweli yumo kwenye rejesta ya mahudhurio na mwalimu wake wa darasa anamjua. Tena ana namba ya PREM, ile inayotokana na mfumo wa Baraza la Mitihani na inayomfuata mwanafunzi hata anapohama shule. Barua ya mkuu wa shule yenye jina, picha, kidato na namba hiyo inatosha kufunga mlango kwa mamluki wengi. Barua inayosema tu "mleta barua hii ni mwanafunzi wetu" haifungi kitu.

Ugumu wa ukanda wetu uko kwingine. Huku kwenye dhahabu watu wanahama. Duara likitoa mawe mazuri Mbogwe, familia nzima inahamia Mbogwe, na mwalo ukifa wanaondoka. Mtoto anaweza kuanza shule Msalala, akasoma mwaka mmoja Nyang'hwale, akapotea mwaka mzima kwenye makarasha, kisha akarudi darasani Geita mjini. Sheria inakataza mtoto kufanya kazi migodini, lakini sote tunaoishi hapa tunajua tunachokiona asubuhi tukipita kwenye machimbo madogo.

Mtoto huyo anaporudi shule anakuwa mkubwa kuliko wenzake wa darasa. Wapo pia waliopitia MEMKWA, mpango wa elimu kwa walioikosa. Na tangu Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Huu ni uamuzi uliofungua milango kwa wengi. Lakini matokeo yake ni kwamba kidato peke yake hakikuambii tena umri wa mtu. Kidato cha tatu anaweza kukaa msichana wa miaka 15 na dawati moja na msichana wa miaka 19, na wote wawili ni wanafunzi halali.

Huyu wa miaka 19 si mamluki, na wala si kijeba, maana hajadanganya chochote. Je, azuiwe? Tunaona hapana. Ila asipangwe na wa miaka 15. Hapa ndipo kanuni nyingi za mashindano yetu zinapokosea: zinatumia swali moja kujibu mambo mawili. Uanafunzi unapaswa kuamua nani anaingia ukumbini. Umri na uzito ndivyo vinavyopaswa kuamua nani anasimama mbele ya nani. Mashindano yenye kundi la miaka 18 hadi 20 yanampokea dada yule bila kumweka mtoto hatarini. Mashindano yenye kundi moja tu la "sekondari" yanamlazimisha ama abaki nyumbani ama adanganye.

Swali la pili: umri unahesabiwaje?

Hili linaonekana rahisi hadi utakapokaa na kalamu. Mashirikisho ya dunia ya michezo hii mitatu hayahesabu umri kwa namna moja.

Chukua mwanafunzi aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 2010, na mashindano yanayofanyika Jumamosi tarehe 5 Julai 2025. Siku hiyo ana miaka 14 na miezi saba.

Katika karate, Shirikisho la Karate Duniani, WKF, linaangalia umri ulio nao siku ya kwanza ya mashindano. Kijana wetu ana 14, hivyo anaingia kundi la miaka 14 na 15. Juu yake kuna kundi la 16 na 17, na chini yake la 12 na 13.

Katika taekwondo, kinachoangaliwa ni mwaka wa kuzaliwa. Unatoa 2010 kwenye 2025, unapata 15. Kijana yuleyule, siku ileile, anahama kutoka kundi la miaka 12 hadi 14 na kuingia la 15 hadi 17. Anaweza kukutana na kijana aliyezaliwa Januari 2008, ambaye tayari ametimiza miaka 17.

Katika judo nako mwaka wa kuzaliwa ndio unaohesabiwa. Kundi la vijana wadogo la kimataifa ni chini ya miaka 18, kwa kawaida kuanzia 15, kwa hiyo ataingia huko.

Hakuna njia iliyo ya haki kuliko nyingine. Kuhesabu kwa mwaka ni rahisi kwa mwandaaji, na kuhesabu kwa siku ni karibu zaidi na ukweli wa mwili. Kosa ni kutosema mapema ni njia ipi inatumika. Tumeona matangazo ya mashindano yanayosema "chini ya miaka 15" bila neno jingine. Chini ya 15 siku gani? Siku ya kujiandikisha, siku ya mashindano, au mwisho wa mwaka? Kila kocha anajaza jibu linalomfaa, na ugomvi unaanzia hapo.

Cheti kipya na daftari la zamani

Turudi kwa wavulana wetu wawili. Mmoja alikuwa na cheti na mwingine hakuwa nacho. Kwa nini?

Mpango wa RITA wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano ulianza Mbeya mwaka 2013, na ulifika mikoa yetu ya Geita na Shinyanga miaka kadhaa baadaye. Mtoto aliyezaliwa 2009 au 2010 kwenye kijiji cha wachimbaji alikuwa ameshapita umri huo mpango ulipomfikia. Wazazi wengi wa rika hilo hutafuta cheti pale tu kinapohitajika, kwa ajili ya chuo, mkopo au pasipoti. Kutokuwa na cheti katika umri huo huku kwetu si dalili ya udanganyifu hata kidogo.

Kwa upande mwingine, cheti kilichotolewa juzi kwa mtu wa miaka 15 kinategemea maelezo yaliyotolewa juzi. Kinaweza kuwa kweli tupu, na kwa watu wengi ni kweli. Lakini kama kuna mtu anataka kudanganya, hapo ndipo atakapodanganyia. Hati ya kiapo nayo ni vilevile, inaandikwa siku yoyote.

Tunapendekeza waandaaji wetu waangalie zaidi rekodi ilianza lini kuliko aina ya karatasi. Rekodi nzuri ya umri ni ile iliyoandikwa kabla ya mtu yeyote kujua kwamba ingetumika michezoni. Kadi ya kliniki ya mtoto ni nzuri, na cheti cha ubatizo cha utotoni pia. Rejesta ya uandikishaji wa darasa la kwanza ni nzuri sana, maana mzazi aliyempeleka mwanawe shule mwaka 2016 hakuwa akifikiria medali ya mwaka 2025. Rekodi mbili za aina hiyo zinazokubaliana zina nguvu kuliko cheti kimoja cha wiki iliyopita.

Kwa kanuni ya namna hiyo, mvulana wa Nyarugusu angeweza kuingia kwa barua ya shule yake ya msingi. Na yule mwenye cheti kipya angeulizwa, kwa heshima, alete karatasi moja ya zamani.

Jambo ambalo halifai ni kumpima mtu kwa macho. Huku kwetu ndilo kosa baya kuliko yote. Kijana wa miaka 15 aliyebeba viroba vya mawe tangu ana 12 anaweza kuwa na mabega ya mtu mzima. Wa miaka 19 aliyekulia kwenye njaa anaweza kuonekana mtoto. Soka la dunia liligundua ugumu huu, na kuanzia 2009 FIFA ikaanza kutumia kipimo cha MRI cha mfupa wa kifundo cha mkono kwenye mashindano ya chini ya miaka 17. Kipimo hicho hatuwezi kukigharamia kwenye mashindano ya wilaya. Tunachoweza ni kuhoji karatasi vizuri.

Swali la tatu: uzito na uzoefu

Katika netiboli, mchezaji mkubwa anaweza kuibeba timu yake. Katika karate, mchezaji mkubwa anaweza kumvunja mwenzake pua. Ndiyo maana michezo ya mapigano hugawa watu kwa kilo. Kwa mfano, kwenye karate ya kimataifa, wavulana wa miaka 14 na 15 wamekuwa wakigawanywa kuanzia chini ya kilo 52 hadi zaidi ya kilo 70. Hiyo ni tofauti ya karibu kilo 20 kati ya watoto wa rika moja.

Mashindano yetu hukwama hapa kwa sababu ya idadi. Wakija wavulana 12 tu, ukiwagawa kwa umri na uzito unabaki na makundi ya mtu mmojammoja. Mwandaaji anaamua kuunganisha. Kuunganisha si kosa, lakini kuna namna. Tofauti ya kilo itajwe mapema na ikipita hapo pambano lisifanyike. Mzazi au mwalimu aulizwe kabla. Na anayekataa asihesabiwe kuwa ameshindwa au ameogopa.

Mizani yenyewe ni jambo la kuangalia. Huku kila mtu anajua mizani inavyoweza kumlaghai mtu kwenye pamba na kwenye dhahabu. Mizani ya zahanati inaaminika kuliko ya dukani, na wote wapimwe kwenye mizani moja. Wasichana wapimwe faragha na mwanamke. Makocha nao wakome kuwafungisha watoto kula ili washuke kundi. Mtoto ambaye hajala tangu jana hafai kupigana leo.

Kuhusu mikanda, kimataifa wachezaji wa karate hugawanywa kwa umri na uzito tu, na wote hufunga mkanda mwekundu au wa buluu ili mwamuzi awatofautishe. Lakini wanaofika huko wote ni wazoefu. Kwenye mashindano ya shule, mtu aliyeanza mazoezi Januari anaweza kukutana na mwenye miaka sita dojoni. Kutenganisha wanaoanza na waliobobea ni busara. Njia nyingine ni kuwaanzishia wapya kwenye kata, ambako mtu huonyesha mbinu peke yake mbele ya waamuzi, bila kupambana.

Kanuni za mwili

Mzazi akiona mwanawe akirushiwa teke la kichwa, anaweza kudhani ndivyo mchezo ulivyo. Sivyo kwa watoto. Kwa miaka mingi kanuni za WKF zimesema kwamba kwa walio chini ya miaka 18, ngumi ya kuelekea usoni haitakiwi kugusa kabisa. Pointi inatolewa kwa mbinu iliyodhibitiwa, na anayegusa anaadhibiwa. Kwa walio chini ya miaka 14, ukali wa kanuni hiyo unaongezeka. Kwa maneno mengine, mtoto anayemwangusha mwenzake kwa ngumi ya uso kwenye karate ya vijana hajashinda. Amekosa. Ukumbi ukishangilia pigo kama hilo na mwamuzi akanyamaza, jua kwamba mashindano hayo hayana mwamuzi.

Vifaa navyo vitajwe kwenye tangazo: kinga ya meno, glovu, kinga za ugoko na mguu, kinga ya kifua, na kwa taekwondo pia kofia ya kichwa. Kama shule haina uwezo, mwandaaji awe na seti za kuazima. Kinga ya meno ndiyo pekee isiyoazimwa.

Mhudumu wa afya awepo ukumbini tangu pambano la kwanza hadi la mwisho. Na awe na mamlaka ya kusimamisha. Mtoto aliyepigwa kichwani akaduwaa, akatapika au akasahau yuko wapi, asirudi ulingoni siku hiyo hata kama amebakiza fainali.

Kwa wazazi Waislamu wanaotuuliza: karate na taekwondo za kimataifa zinaruhusu hijabu ya michezo isiyo na pini. WKF ilikubali mwaka 2013. Mwandaaji anayemkataza binti kwa sababu ya hijabu peke yake hana kanuni ya dunia ya kujificha nyuma yake.

"Mtatufungia watoto nje"

Tumewasikiliza pia waandaaji, na hoja yao si nyepesi. Wanasema wanaendesha mashindano kwa pesa za mfukoni. Wakidai karatasi tatu, cheti cha afya na barua ya wazazi, watakaoweza kuleta ni watoto wa mjini na wa shule za kulipia. Mtoto wa machimboni, ambaye mchezo huu ungemvuta kutoka kwenye duara, atabaki hukohuko.

Tunakubali hatari hiyo ipo. Mvulana wa Nyarugusu ni ushahidi wake. Lakini ukiangalia vizuri, aliyemfungia mvulana yule nje ni kanuni mbovu, iliyodai karatasi moja bila kujali karatasi hiyo inathibitisha nini. Na kanuni ileile ikampitisha mtu wa kutiliwa shaka. Kanuni nzuri ingekuwa nafuu kwa maskini na ngumu kwa mdanganyifu kwa wakati mmoja, kwa sababu rejesta ya darasa la kwanza haina bei, ila kuighushi ni kazi.

Pia tukumbuke ni nani anayelipa uchakachuaji ukiachwa. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 ilikuwa imeshafuzu fainali za Afrika zilizofanyika Gambia, ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja. Vijana wote wa kikosi walipoteza safari. Kwenye mapigano gharama haiishii kwenye safari. Anayelipa ni mtoto aliyesimama mbele ya mtu aliyemzidi miaka minne.

Na adhabu? Mara nyingi tunamfungia mwanafunzi, na mtu mzima aliyemwandikia barua anarudi mwaka unaofuata na mwanafunzi mwingine. Mtoto wa miaka 16 hajipeleki mwenyewe kutafuta cheti cha uongo. Kanuni itaje adhabu ya kocha na ya shule kabla ya kutaja ya mwanafunzi. Na iwepo nafasi ya kukata rufaa papo hapo, mbele ya watu wasio na mchezaji katika kundi hilo.

Wadhamini wana sehemu yao. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, wenye leseni za uchimbaji wanatakiwa kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii pamoja na halmashauri. Pesa hiyo ikigusa michezo ya wanafunzi, halmashauri inaweza kuweka sharti moja rahisi: hakuna udhamini mpaka kanuni zimeandikwa, zimetangazwa na afisa michezo amezisoma.

Mzazi, uliza haya kabla ya kusaini

Nani ameandaa, na je, amesajiliwa? Afisa michezo na ofisi ya elimu wanajua? Umri unahesabiwa kwa siku ipi? Karatasi gani zinakubaliwa, na asiye na cheti cha kuzaliwa afanyeje? Mwanangu atapangwa na watu wa kilo ngapi hadi ngapi? Wapya wametengwa na wazoefu? Ngumi ya uso inaruhusiwa kugusa? Mhudumu wa afya ni nani, na gari la kumkimbiza mtoto hospitali liko wapi?

Mwandaaji mzuri atajibu yote kwa dakika tano, tena atafurahi umeuliza. Anayekasirika amekujibu pia.

Mvulana wa Nyarugusu tulimwona tena mchana ule. Alikaa kwenye benchi la nyuma karibu na mwalimu wake, akaangalia mapambano yote hadi mwisho, miguu yake ikicheza chini ya benchi kila mara mtu aliporusha teke. Basi la kurudi lilikuwa la saa kumi. Mwalimu alituambia mwakani watakuja tena, na safari hiyo watabeba nakala ya rejesta. Tulimuuliza kama itakubaliwa. Akasema hilo tuwaulize wanaoandika kanuni. Ndiyo tunawauliza.